Sura ya Sita: Maji Yapitayo Zombo

Siku ya gulio Zombo, meza ya samaki huwa na habari za nchi nzima. Kona moja wapo dagaa wa Mwanza, wamekauka wakang'aa kama fedha, wanapimwa kwa kopo. Wametoka Ziwa Victoria kwa lori, wakapita Singida na Dodoma, wakakata kona Dumila kuja Kilosa, na kilomita za mwisho wakafungwa nyuma ya bodaboda. Kando yao wapo perege wa Mtera, waliopasuliwa na kukaangwa hadi wakawa wagumu. Mwisho wa meza, mara nyingi wachache kuliko wenzao, wapo kambale wa kubanika, weusi kwa moshi, kila mmoja amekunjwa duara na mkia wake ukapenyezwa mdomoni ili asivunjike njiani. Hao ndio wenyeji. Wametoka katika maji yanayopita huku huku.

Nimeanza na meza hiyo kwa sababu sura hii inahusu hali ya uvuvi wa miaka ya karibuni, wa maji baridi na wa pwani, na wengi wetu tukisikia neno uvuvi mawazo hukimbilia Feri ya Dar es Salaam au mwalo wa Kirumba, Mwanza. Zombo ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, mbali na bahari kiasi kwamba mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuiona. Lakini kadiri ninavyolifuatilia jambo hili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hali ya samaki wa Saadani na wa Rufiji huanza kuamuliwa huku juu, kwenye kingo za vijito ambavyo sisi tunaviona kama mahali pa kufulia nguo na kupanda mchicha.

Tuyafuate maji. Kilosa huipelekea Bahari ya Hindi maji kwa njia mbili. Mkondoa hushuka kutoka kwenye safu za Rubeho na Ukaguru, ukapita mjini Kilosa. Miyombo nao hushuka na kumwaga kwenye uwanda wa Mkata, uwanda ule ule ambao sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Maji hayo hukusanyika yakawa Wami, mto unaopita kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa, ukakatiza nyika hadi kuingia baharini pale Saadani. Bonde zima la Wami lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Ukivuka Mikumi kwenda kusini, ukateremka kuelekea Kidodi, maji yamebadili safari: sasa yanakwenda Ruaha Mkuu, kutoka hapo Rufiji, hadi delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia.

Kwa hiyo wilaya moja isiyo na pwani ina mkono wake katika midomo miwili ya mito inayolisha bahari yetu.

Sasa tumtazame kambale, maana yeye ndiye mwalimu mzuri wa somo hili. Kiangazi kinapoubana uwanda, yeye huhimili pale samaki wengine wanapokufa. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi madogo madogo mithili ya kichaka, na kwa kiungo hicho huvuta hewa ya kawaida. Ndiyo maana ukikaa kimya kando ya dimbwi lililobaki mwezi wa Septemba, utaona maji mazito ya tope yakitikisika hapa na pale: ni kambale wanapanda juu, wanameza pumzi, wanarudi chini. Usiku wa mvua huweza kutoka kabisa na kujiburuza kwenye majani mabichi kutafuta dimbwi jingine. Kiumbe wa namna hiyo si rahisi kummaliza.

Pamoja na ugumu wake wote, kuna jambo moja asiloweza kulifanya bila msaada wa mto. Hutaga vizuri pale mto unapotoka kitandani mwake ukaingia kwenye nyasi. Mvua kubwa za kwanza zikishuka, maji yakapanda na kutapakaa, kambale huacha mkondo mkuu na kukimbilia kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina kifupi. Hapo usiku mmoja jike humwaga maelfu kwa maelfu ya mayai, yanagandamana na nyasi, na baada ya siku moja hivi yameanguliwa. Wazazi hawalei. Watoto hulelewa na mafuriko yenyewe: maji ya vuguvugu, wadudu wengi, majani ya kujifichia. Maji yakirudi mtoni, nao hurudi pamoja nayo.

Kwa hiyo mtu akisema mafuriko ni adui, mimi huuliza ni adui wa nani. Sisemi hivi kwa kudharau machungu ya watu. Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa, maelfu ya watu wakalala kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika. Januari 2014 maji yaliondoka na daraja la Dumila, na safari kati ya Morogoro na Dodoma zikasimama. Hayo ni maumivu ya kweli. Lakini mto wenye uwanda wa kupumulia, usiopandiwa mahindi mpaka kwenye ukingo na usiojaa mchanga uliotoka kwenye miteremko iliyokatwa miti, hufurika kwa namna nyingine: hupanda taratibu, hukaa, hushuka. Samaki wanahitaji mafuriko ya aina hiyo. Yale ya kishindo, yanayopita kwa siku mbili na kuacha mchanga, hayamletei faida kambale wala mkulima.

Chombo cha kale cha kuvulia katika mito ya namna hii ni mgono. Ni tenga refu la fito au matete, limesukwa likapanuka mdomoni na kukutana mkiani. Ndani ya mdomo kuna faneli ya fito zilizochongwa, ncha zake zikielekea ndani: samaki anapoingia zinatanuka, akitaka kutoka zinamchoma usoni. Mvuvi huuweka mgono kwenye pengo la uzio wa miti uliozuia sehemu ya kijito, hasa maji yanapoanza kushuka kutoka kwenye nyasi. Anayeujua mgono anajua pia kwamba nafasi kati ya fito ndiyo sheria yake. Fito zikiachana, wadogo hupita. Mgono wa kale ulikuwa na macho kwa maana hiyo.

Chandarua hakina macho. Chandarua cha mbu kikikatwa na kushonwa kuwa wavu, kikapitishwa kwenye dimbwi la kiangazi, kinatoka na kila kitu: kambale wa urefu wa kidole, viluwiluwi, mayai. Kokoro, wavu wa kukokota, nalo huburuta mpaka chini. Wapo pia wanaotumia utupa, mmea unaopondwa na kumwagwa majini samaki wakalewa, na siku hizi wengine hutumia dawa za kunyunyizia mazao, jambo ambalo ni kosa la jinai na ni sumu kwa mtu atakayekula. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza njia hizi. Tatizo ni kwamba doria ya uvuvi nchini hufuata maziwa makubwa na pwani. Kijito cha Kilosa hakina boti ya doria, wala hakitapata. Mlinzi wake ni mwenyekiti wa kitongoji na majirani, basi.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa perege, maana habari yake inanipa fahari na uchungu kwa pamoja.

Perege wa mito yetu, wa Wami, Ruvu na Rufiji, wataalamu humwita Oreochromis urolepis. Jina hilo la pili linatokana na Kigiriki na maana yake ni mkia wenye magamba. Ukimshika perege mkubwa ukapitisha kidole kwenye pezi la mkia, utayahisi magamba madogo yamelifunika. Dume akiwa tayari kuzaa hugeuka mweusi, huchimba shimo la duara chini ya maji na kulilinda. Jike akishataga huyachukua mayai yote mdomoni, na huko ndiko yanakoanguliwa. Muda wote huo halishi tumbo lake ipasavyo. Ukimvua jike huyo umevua na watoto wake.

Perege wa Wami walipelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar kizazi chao kikavuka bahari hadi Malacca, katika Malaysia ya leo. Huko, katika kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki, mtaalamu Hickling aliandika mwaka 1960 jambo lililowashangaza wafugaji duniani: ukimchanganya dume wa asili hiyo na jike wa jamii ya perege wa Msumbiji, watoto wanakuwa madume. Kwa mfugaji hilo ni jambo kubwa. Bwawa lenye madume na majike hujaa vifaranga hadi samaki wakadumaa. Bwawa la madume watupu hukuza samaki wakubwa. Mwaka 1966 mwanamama Ethelwynn Trewavas wa jumba la makumbusho la London alimpa samaki huyo wa Wami jina la hornorum. Damu yake imo hata katika perege wekundu wanaofugwa Florida, Marekani. Samaki wa maji yanayoanzia milimani Kilosa amelisha watu ambao hawatasikia kamwe jina la Mkata.

Nyumbani kwake hali ni nyingine. Kwa miongo mingi sato wa Naili, Oreochromis niloticus, amekuwa akipandikizwa kwenye mabwawa na malambo nchini kwa nia njema kabisa ya kuongeza kitoweo. Anakua haraka, bei yake ni nzuri. Lakini bwawa hufurika, ukuta hubomoka, na sato huingia mtoni. Akikutana na perege wa asili, huzaana naye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ulioshirikisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na wenzao wa Uingereza, ulionyesha kwamba perege wa kigeni wameenea katika mabonde mengi ya mito ya nchi yetu, na kwamba kuenea huko ni urithi wa kupandikiza kwa miaka mingi. Namna nyepesi ya kuwatofautisha ni kutazama mkia: sato ana mistari ya wima iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia, perege wetu hana. Msomaji mwenye bwawa, fanya hivyo utakapovua tena.

Sipingi ufugaji. Nchi ambayo mtu wake hula takriban kilo 8.5 za samaki kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni kama kilo 20, haiwezi kuukataa. Januari 2024 Serikali ilianza kukopesha vizimba na boti Kanda ya Ziwa, na hatua hiyo ina maana. Ninachosema ni kwamba Morogoro, yenye Chuo Kikuu cha Sokoine na kituo cha ufugaji samaki cha Kingolwira, ingekuwa ya kwanza kumfuga na kumboresha perege wa Wami mwenyewe, badala ya kumwachia sato mito yote. Wageni waliiona thamani yake mwaka 1960.

Miaka ya hivi karibuni imeyajaribu maji yetu kwa pande zote mbili. Mwaka 2022 mvua ziligoma. Oktoba mwaka huo kina cha Ruvu kilishuka hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Mwaka uliofuata ukaja na El Nino: mvua za vuli za 2023 zilipiga bila kupumzika na kuungana na masika ya 2024. Kwa kambale, mwaka kama huo ni neema, kwa sababu nyasi nyingi hufunikwa na hukaa majini muda mrefu. Kwa mvuvi wa kijito ni mwaka wa kusubiri; maji yakiwa mengi samaki hutawanyika, mavuno huja baadaye yanaposhuka. Mtu anayepima hali ya uvuvi kwa wiki moja ya mafuriko, au kwa wiki moja ya ukame, hatapata jibu la kweli. Mto hupimwa kwa mzunguko.

Upande wa Rufiji mizani imebadilika zaidi. Ruaha Mkuu, ambao zamani haukujua kukauka, tangu mwaka 1993 hukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu maji yake mengi huishia kwenye mashamba na malisho ya Usangu. Rufiji sasa unategemea zaidi Kilombero, unaochangia takriban asilimia 62 ya maji yake. Na bonde la Kilombero, eneo oevu lililoingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, nalo limevamiwa na majembe na mifugo. Kisha kuna Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Ni kazi kubwa na taifa linauhitaji umeme huo. Aprili 2024 wananchi wa Rufiji na Kibiti walikumbwa na mafuriko, na mjadala juu ya bwawa na mvua ukawa mkali. Wavuvi wana swali lao, na halijibiki kwa miaka miwili wala mitatu: delta itapata lini, na kwa kiasi gani, yale maji ya tope yaliyokuwa yakiifikia kila masika?

Swali hilo si dogo, kwa sababu ya kamba. Kamba mweupe hutaga baharini. Watoto wake, wadogo kama uzi, husukumwa na maji kujaa hadi kwenye mikoko, mahali maji chumvi na maji baridi yanapochanganyika, na hapo hukua kwa miezi michache kabla ya kurudi baharini. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake Afrika Mashariki. Mdomo wa Wami, Saadani, ni mdogo lakini kazi yake ni ile ile. Maeneo hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mawindo ya meli za kukokota kamba, na kati ya 2007 na 2008 Serikali ililazimika kuzisimamisha kwa sababu kamba walikuwa wamepungua mno. Kuziondoa meli ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini hata bila meli, mto ukikosa maji, kamba amekosa malezi.

Na mkunga wa maji baridi anafanya safari ya kinyume. Huzaliwa katika kina cha Bahari ya Hindi, huingia kwenye midomo ya mito akiwa mwembamba na mwangavu kama kioo, hupanda mto, na huko juu huishi miaka mingi. Siku ya kuzaa ikifika hugeuka na kuteremka hadi baharini, asirudi tena. Kila ukuta unaojengwa bila njia ya samaki ni mwisho wa safari yake.

Pwani yenyewe ina vidonda na ina matumaini. Mwaka 2015 watafiti waliopita na vinasa sauti majini kando ya pwani yetu walisikia milipuko zaidi ya 300 ya mabomu ya kuvulia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Msako uliofuata uliipunguza sana milipuko hiyo. Mwanzoni mwa 2024 bahari ilipata joto kali na matumbawe ya ukanda huu yakapauka, kama yalivyopauka mwaka 1998. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatahadharisha, ngalawa zikavutwa juu mchangani. Kwa upande wa heri, vijiji kadhaa vya Pemba, Songosongo na kwingineko vimejifunza kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache na kuifungua kwa siku maalumu, na wakifungua hupata pweza wakubwa. Ziwa Tanganyika nalo, nchi nne zilikubaliana kulifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili dagaa na migebuka wapumzike.

Nikisoma habari hizo za kufunga na kufungua, akili yangu hurudi Zombo. Kinachofanyika Songosongo kwa pweza kinawezekana kwa kambale wa Mkata, tena kwa gharama ndogo, kwa sababu kambale hahitaji miezi mitatu. Anahitaji majuma machache tu ya mwanzo wa mafuriko, na njia wazi ya kuingia na kutoka kwenye nyasi. Kingo nazo zina sheria yake tayari: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Zikiachiwa matete na miti, mchanga haushuki, ukingo haubomoki, na nyasi za kutagia zinakuwepo mvua zinapofika.

Wenyeviti wa vijiji vya kando ya Miyombo, Mkondoa na Mkata, na ninyi wazee mnaojua kusuka mgono, nawaomba mliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji kabla ya masika yajayo: kwamba maji yakianza kuingia kwenye majani, kwa majuma matatu asiwepo mtu wa kuziba mdomo wa kijito kwa uzio wala chandarua.